Mkwe Bafuni

Jina lake la kuzaliwa limo kwenye makaratasi ya kampuni, na huko huko likae. Mjini anaitwa Sabuni. Ukimwulizia kwa jina jingine utazungushwa mtaa hadi mtaa, na mwisho wake utapelekwa kwa mtu mwingine kabisa. Sabuni alitunza bafu la mgodi wa makaa ya mawe kwa miaka thelathini na mitatu, na katika miaka hiyo hakuna mchimbaji wa mji ule ambaye hakupokea kipande cha sabuni kutoka mkononi mwake. Wengine walipokea na kemeo juu yake.

Mji wenyewe ulianza kama shimo. Wapasua mawe wa barabara walikuta jiwe jeusi linaloshika moto, kampuni ikaja, zikajengwa nyumba za mistari minne, mlango kwa mlango, ukuta mmoja kwa familia mbili, hata jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Vumbi ndilo lililokuwa mwenye mji. Kuku mweupe aliyenunuliwa Jumatatu, kufika Ijumaa alikuwa wa kijivu na hana pa kulalamika. Wanaume walitoka shimoni weusi tititi, yanaonekana macho na meno tu, wakatembea hivyo hivyo hadi majumbani. Wake zao wakachota, wakachemsha, wakafua, wakapiga deki, na kesho yake wakaanza upya.

Mpaka siku wanawake waliposema basi. Mwezi mzima hawakufua nguo ya mgodi hata moja. Walizibeba zilivyo, wakazitundika kwenye ua wa nyumba ya meneja, mashati, suruali na soksi zinazosimama zenyewe. Mke wa meneja naye alikuwa na pua, na yeye ndiye aliyemaliza mgomo. Bafu likajengwa. Tangu hapo ikawa sheria ambayo haikuandikwa popote na inajulikana na kila mtu: mwanamume mwenye makaa mwilini havuki bomba la maji la njia panda. Akivuka, bibi yeyote aliyepo ana ruhusa ya kumrudisha kwa fimbo, kwa ndoo au kwa maneno, chochote kitakachotangulia. Kiongozi wa mgomo ule alikuwa mama yake Sabuni.

Sabuni mwenyewe hakutaka bafu. Alitaka shimo. Aliingia chini akiwa na miaka kumi na tisa, akachimba miaka minane, tena kwa sifa, hadi jiwe lilipomporomokea gotini. Mguu ulipona kishingo upande, akabaki anachechemea. Kampuni ikampa kazi ya bafu, naye akaenda nyumbani akalia kama mtoto.

"Wenzangu wanatoa makaa, mimi nigawe sabuni?" alimwambia mama yake.

Mama hakumbembeleza. "Bafu hilo nimeligombea mwezi mzima," alisema. "Likikosa mtunzaji nitakwenda kulitunza mwenyewe, na hao wanaume watajua wenyewe pa kujifichia."

Alfajiri ya kesho yake Sabuni alikuwa kazini.

Lilikuwa jumba refu la matofali, sakafu ya saruji yenye mifereji, mabomba ishirini ya kuogea upande mmoja na mabenchi upande wa pili. Makabati hayakuwepo. Kila mtu alikuwa na mnyororo wake wenye kulabu na namba. Unatundika nguo zako safi, unavuta mnyororo, nguo zinapanda hadi darini kwenye joto na kukungoja huko mpaka utoke shimoni. Mgeni akiinua macho aliona mashati mia mbili yananing'inia juu yake, na wengine walirudi nje haraka kuuliza kumetokea nini.

Kilichomkera Sabuni ni migongo. Wachimbaji wa siku zile walisafisha kila mahali isipokuwa mgongo, kwa kuwa waliamini maji yanalegeza uti, na mchimbaji mwenye mgongo uliolegea ni mzigo kwa wenzake. Wakatoka bafuni mbele mchana, nyuma usiku. Sabuni alianza na rafiki yake fundi boila, aliyetunza tanuru la maji ya moto katika chumba cha jirani. Alimkamata, akamgeuza, akamsugua kwa dodoki. Fundi boila alipiga kelele kama anayechinjwa, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Na hapo chini kidogo." Wiki ile ile akainua gunia la kilo tisini mbele ya mashahidi, na imani ile ikafia hapo.

Lakini mgongo wako huufikii mwenyewe, lazima usuguliwe na mwenzako. Sabuni akaona ndani ya jambo hilo kitu ambacho hata meneja hakukiona. Watu wawili wakigombana shimoni, aliwaweka kwenye mabomba yanayopakana na kuwapa dodoki moja. Mmoja amsugue mwenzake, kisha wabadilishane. Hakuhubiri, alisimama tu na taulo begani. Kulikuwa na mashemeji wawili waliokaa miezi minne bila kusalimiana kwa sababu ya jogoo. Wa kwanza alimsugua shemeji yake mpaka ngozi ikawa nyekundu. Zamu ya wa pili ilipofika, akakuta kwenye mgongo wa mwenzake lile kovu la buluu, maana makaa yakiingia kwenye kidonda ngozi hufunga juu yake na rangi hubaki. Kovu lilikuwa la siku dari ilipoporomoka na wawili hao kutoka kwa kuburuzana. Akasugua polepole, sana, mpaka maji yakapoa. Jogoo aliliwa na nyumba zote mbili, na Sabuni akapelekewa paja.

Hivyo ndivyo alivyopatanisha mji, na ndivyo alivyokuja kulipenda bafu kuliko alivyowahi kulipenda shimo. Alioa, akapata binti mmoja, akanenepa kidogo. Alipofika miaka hamsini na miwili akaanza kuona mvuke umezidi. Alifungua madirisha, ukabaki. Alifuta macho kwa taulo, ukabaki. Siku alipoukuta mvuke ule ule nyumbani kwake, juu ya sahani ya chakula kilichopoa, akajua hauko bafuni, uko ndani ya macho yake.

Miaka miwili baadaye alikuwa anaona mwanga na kivuli tu. Nyumbani walijua, mke hafichwi jambo kama hilo, na binti alikuwa na macho ya kutosha watu wawili. Lakini kazini alinyamaza. Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi: asiyeona haruhusiwi kufanya kazi penye maji ya moto. Angestaafishwa siku hiyo hiyo, na Sabuni asiye na bafu ni nani? Akaanza kuwajua watu kwa njia nyingine. Huyu anaburuta kisigino, huyu anapumua kwa mdomo, huyu lazima akohoe akivuka kizingiti. Na migongo aliisoma kwa viganja, kovu kwa kovu, bega kwa bega, akamwita kila mtu kwa jina lake la utani bila kukosea. Akajiona mjanja wa kupindukia. Mara moja tu alijikwaa: alilisalimia koti lililoachwa kwenye kulabu, "Habari za shimoni?" na kwa bahati mwenye koti alikuwa nyuma yake, akajibu, "Nzuri, mzee." Sabuni alicheka peke yake mpaka jioni kwa kuponea chupuchupu.

Sasa tuje kwa binti. Alifanya kazi chumba cha taa, dirisha la kupokea. Dirisha la kutolea taa asubuhi lilikuwa la mwenzake, upande wa pili wa jengo. Yeye aliwaona wachimbaji wanaporudi tu, wakimpitishia taa zao kwenye kidirisha, wote weusi, wote wamechoka. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja mrefu mno, aliyekuja mjini miaka mitatu nyuma baada ya kufiwa na baba yake, akaishi kwa baba mkubwa wake. Walimwita Ngazi. Ngazi alilazimika kuinama kabisa ili uso wake ulingane na kidirisha, na kila alipoinama alisema jambo moja la kuchekesha, akaondoka. Mwaka wa kwanza binti alicheka. Mwaka wa pili akawa anaisubiri taa namba mia mbili na kumi na nne. Mwaka wa tatu posa ikaja.

Ilikuja kwa heshima zote, wazee wawili na vijana wawili, wamekaa sebuleni kwa Sabuni na mashati yaliyopigwa pasi. Binti akaingia na trei ya chai, akaenda moja kwa moja kumkaribisha kijana wa kwanza kwa tabasamu la mwaka mzima. Kijana yule akasogea pembeni kwa hofu, maana alikuwa binamu yake Ngazi. Maskini, binti alikuwa hajawahi kumwona Ngazi usoni na rangi yake mwenyewe. Ngazi alicheka, na kwa kicheko kile binti akamtambua, akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza kama alivyo.

"Kumbe una masikio makubwa," alimwambia.

Sebule nzima ikacheka, isipokuwa mtu mmoja. Baba mkubwa wa Ngazi alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mnyoofu kama rula, aliyeoga kwenye bafu la ofisini na hakuwahi kukanyaga bafu la Sabuni. Aliweka kikombe chini.

"Posa yetu tumeileta kwa moyo mweupe," alisema. "Lakini kuna jambo moja. Huyu kijana atakuwa mkwe wako. Kila siku ya kazi anasimama mbele yako kama alivyozaliwa. Hapo zamani mlikuwa mtunza bafu na mchimbaji, haikuwa neno. Kuanzia leo ni baba mkwe na mkwe. Mzee mwenzangu, hilo hata likisemwa tu linaumiza masikio."

Fundi boila, aliyekuwa upande wa Sabuni, akakohoa ndani ya chai yake. Msimamizi alisema kweli. Ipo heshima ya mkwe, na anayeivunja hucheka peke yake. Msimamizi akataka mojawapo: Sabuni aache bafu, au posa irudi ilikotoka. Ngazi hakuwa na mgodi mwingine wa kwenda, wala ufundi mwingine. Wakapeana wiki tatu za kufikiri.

Wiki tatu zile mji ulizifaidi kuliko sikukuu. Siku ya kwanza Ngazi aliamua kwenda kuoga nyumbani. Alifika bomba la njia panda, akawakuta bibi wanne na ndoo zao. Alijaribu kueleza mambo ya heshima ya mkwe, wakamsikiliza hadi mwisho, kisha wa kwanza akammwagia maji na wa pili akamfukuza na mfuko wa sokoni mpaka lango la mgodi. Siku ya pili alijaribu kuoga amevaa suruali. Siku ya tatu Sabuni akasema yeye ndiye atakayehama: Ngazi akiingia, mtu aseme "mkwe," na yeye ageukie ukuta. Wachimbaji wakaanza kusema "mkwe" kila dakika. Sabuni akageuka, akageuka tena, mwisho akajikuta anagawa sabuni akiwa amewapa mgongo watu sitini, na hakujua acheke au alie. Msimamizi alipoletewa habari alisema kugeuka si kutoona, shingo hurudi.

Kwa nje Sabuni alicheka na wenzake. Ndani maji yalikuwa yamemfika shingoni, kwa sababu dawa ya jambo lote alikuwa nayo mdomoni. Sentensi moja ingetosha: simwoni mwanenu, sijawahi kumwona. Heshima ingekuwa imesalimika tangu siku ya kwanza. Lakini ambaye angeisikia sentensi ile ni msimamizi wa zamu, mtu ambaye kanuni za kampuni alizijua kwa kichwa na alizitekeleza hata kwa ndugu zake. Akisema, ndoa inapona na bafu linakufa.

"Mficha uchi hazai," mkewe alimwambia, akakunja khanga aliyokuwa anaianua. "Na wewe bafu lote limejaa watu uchi, wa kujificha ni wewe peke yako."

"Nikilikosa bafu nitafanya nini mchana kutwa?"

"Utanisumbua mimi," alisema mke. Kisha akaacha utani, akamshika mkono. "Mimi na mtoto hatutasema. Siri ni yako. Ila amua mwenyewe, usimwachie mtoto aamue."

Onyo lile alilitoa kwa sababu, na Sabuni alilielewa Jumamosi asubuhi. Binti alikuwa uani anaosha vyombo. Alimsikia baba yake akija na mguu wake wa upande, akamsogezea kigoda mahali pake.

"Baba, kesho wakija nitasema simtaki," alisema. "Nitasema masikio yake makubwa. Watakasirika, yataisha. Wewe umebakiza miaka miwili tu ufike umri wa kustaafu kwa heshima yako."

"Na yeye?"

"Atapata mwingine. Watu warefu hawakosi kuonekana."

Alisema kwa kucheka. Sabuni hakuuona uso wake, lakini sahani aliyokuwa akiisugua ilikuwa safi tangu zamani, na bado alikuwa anaisugua. Mtu aliyeishi kwa masikio miaka minne hadanganywi na sahani. Akanyanyuka, na mchana kutwa hakuwa na raha.

Jumapili saa kumi wageni wakafika. Sebuleni wakaketi msimamizi, mzee mwenzake na Ngazi, na upande wa pili Sabuni na fundi boila. Nje chini ya dirisha palikuwa na wachimbaji wapatao ishirini ambao kila mmoja alipita hapo kwa bahati tu. Binti alipoingia na kufungua mdomo, Sabuni aliinua mkono.

"Ngoja, mama. Naanza mimi. Msimamizi, mimi sijamwona mwanenu uchi. Wala sijamwona na nguo. Tangu afike mji huu sijui ana uso gani. Haya masikio mnayoyasema nimeyasikia tu. Mimi sioni. Mwaka wa nne huu naona mwanga, basi. Kwa hiyo heshima ya mkwe ipo, haijaguswa, na posa nimeikubali. Na kanuni ya kampuni ninaijua, usipate tabu ya kunisomea."

Msimamizi hakuwa mtu wa kuamini haraka.

"Nimevaa shati gani?" aliuliza.

"Sijui. Najua umevaa viatu vipya, na cha kulia kinakubana."

Msimamizi akautazama mguu wake wa kulia kama uliomsaliti. Alitaka kusema neno, lakini Ngazi alikuwa ameshasimama, na akisimama yeye chumba hupungua.

"Baba mkubwa, nisamehe," alisema. "Sisi tunajua. Zamu nzima."

"Mnajua nini?" aliuliza Sabuni.

"Kwamba huoni, baba. Siku yangu ya kwanza niliambiwa kabla sijaonyeshwa bomba. Benchi usisogeze hata kidole kimoja. Ndoo usiache njiani. Ukivuka kizingiti kohoa, ili mzee akujue. Mimi sina kikohozi. Zamu yetu nzima haina mwenye kikohozi."

Nje ya dirisha mtu mmoja akakohoa, na wenzake wakamzuia.

"Na lile koti?" Sabuni aliuliza polepole.

"Mwenye koti alikuwa likizo," alisema fundi boila. "Nilikujibu mimi, nikabana pua. Na lile bomba la moto unalodhani limekuwa jepesi kufungua, ninalifungua mimi kabla hujafika, tangu mwaka juzi. Uliona boila inafanya kazi yenyewe kwa kukupenda?"

Sabuni alikaa na viganja vyake wazi juu ya magoti. Alikuwa amehesabu miaka minne ya ujanja wake, hatua kwa hatua, akajisifu kila jioni kwa mkewe, na kumbe kila hatua watu mia mbili walikuwa wamemsafishia njia na kunyamaza. Kicheko kilimtoka kwanza, machozi yakafuata, na hakufuta chochote. Alifurahi mpaka kifua kikauma. Wachimbaji dirishani nao wakashindwa kujizuia, wakacheka, na binti akaketi chini na trei yake.

Wote wakamgeukia msimamizi. Alikuwa amevua kiatu cha kulia.

"Hapa nimekuja kama mzazi wa kijana," alisema. "Mzazi ameridhika. Msimamizi wa zamu nimemwacha nyumbani, na yeye hajasikia neno. Kesho nitamwambia taratibu."

Na kweli alimwambia taratibu. Jumatatu alikwenda bafuni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na karatasi mkononi. Kazi zote za maji ya moto zilihamishiwa kwa fundi boila, ambaye alikuwa anazifanya tayari. Mtunza bafu alibaki na sabuni, minyororo, mabenchi na usuluhishi. Neno usuluhishi msimamizi aliliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Siku ya harusi wachimbaji walikuja wameoga hivi kwamba nusu ya wageni hawakujuana.

Baada ya harusi msimamizi, kwa wema wake, alimpeleka Sabuni kwa daktari wa macho. Daktari akatazama kwa tochi yake na kusema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, upasuaji wa saa moja, atarudi kuona kama zamani. Badala ya kushukuru, msimamizi akakunja uso. Sabuni naye akaelewa. Wakarudi mjini na habari njema iliyowatia watu wasiwasi kuliko msiba, na pale bombani bibi wanne waliijadili siku mbili.

"Nitapasuliwa nikistaafu," Sabuni aliamua. "Sasa hivi nina mkwe bafuni."

"Na mimi utaniona lini?" aliuliza mkewe.

"Wewe nimekukariri."

Alitukanwa kwa jibu hilo, na jioni ile akapikiwa vizuri. Miaka miwili ikapita hivyo. Ngazi alikohoa mlangoni kama wenzake, akageuka, akasuguliwa mgongo na baba mkwe asiyemwona, na hakuna mtu mjini aliyeona kasoro. Sabuni alistaafu siku ya Ijumaa, na Jumatatu alikuwa juu ya kitanda cha daktari.

Bandeji zilipofunguliwa alimwona kwanza mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu. Mkewe akauliza kama amezeeka sana, akamjibu kwamba sauti yake ilikuwa imemficha kidogo. Kisha akamwona binti, amenenepa, amembeba mtoto wa miezi mitano mwenye masikio makubwa, na akamshika mtoto yule mashavu.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mrefu, shati jeupe, kofia mkononi, macho yake yametazama sakafu.

"Na huyu unamfahamu?" aliuliza daktari, akitaka kupima macho.

Sabuni alimtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu mzima, mzuri, mgeni kabisa kwake, na ghafla aliona haya. Akateremsha macho yake. Wakawa wawili, mkwe na baba mkwe, kila mmoja anatazama vidole vya miguu yake, kama watu wenye adabu zao. Daktari akaanza kuingiwa na wasiwasi juu ya kazi yake.

"Geuka," alisema Sabuni.

Ngazi akageuka. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia, na katikati uti ulipinda pale pale alipopajua. Sabuni alinyanyuka na mguu wake wa upande, akaenda, akaweka kiganja juu ya shati.

"Namfahamu," alimwambia daktari. "Huyu ni mwanangu."